Sentimita na Grafu Iliyopunguzwa Chini

Jumatatu, tarehe tatu Machi, binti ambaye karakana nzima ilimwita Sentimita alifika kazini saa mbili kasorobo asubuhi. Hadi saa sita alikata sare za wahudumu wa hoteli. Kuanzia saa saba hadi saa tisa alishona kola. Kisha, kutoka saa tisa hadi saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, wenzake wakiwa wanapiga pasi na kufagia vipande, yeye aliketi kwenye kona yenye soketi, akafungua kompyuta na kuchora grafu moja ya nguzo mbili.

"Nguzo mbili, muda wote huo?" aliuliza wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye cherehani yake ilikuwa jirani na ile kona. "Wewe ungekuwa mjenzi, wifi, wenye nyumba wangehamia wakiwa na mikongojo."

"Na isingebomoka," alijibu Sentimita bila kuinua macho.

Jina hilo alilipata katika chuo cha ufundi. Mwaka wake wa pili alikataa kukabidhi koti la mtihani kwa sababu bega moja lilizidi jingine kwa nusu sentimita. Mwalimu alimwambia kwamba hakuna mteja atakayeiona tofauti hiyo. Naye akajibu kwa sauti ya chini kwamba yeye ameshaiona. Darasa lilicheka, koti likafumuliwa na kushonwa upya, na jina likamganda kama gundi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wanawake wa pale karakana walizoea kusema kwamba Sentimita akikuambia "sawa", umehutubiwa.

Karakana ilikuwa ya shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Ilikuwa chumba kirefu chenye vyerehani saba, meza ya kukatia iliyochakaa pembe, na kamba iliyofungwa ukutani kwa ajili ya kutundika pateni, yaani zile karatasi za umbo la nguo zinazomwongoza fundi kukata kitambaa. Juu ya kabati ilikaa printa ndogo, ya aina ile inayopatikana katika ofisi yoyote. Printa kubwa ya roli, inayotoa pateni nzima kwa mkupuo, walikuwa wakiiona chuoni tu. Wao walichapa kipande kwa kipande kwenye karatasi za kawaida, kisha wakaziunga kwa gundi, alama kwa alama, mpaka gauni zima likalala mezani. Shangazi aliita kazi hiyo kusuka mkeka, na hakuna aliyeruhusiwa kupiga chafya mkeka ukiwa haujakauka.

Pateni zenyewe zilichorwa kwa programu iitwayo Mshono. Mshono ni programu huria: hutengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika katika miji mbalimbali, na yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichungulia ndani na kuitengeneza. Sentimita aliingia katika mradi huo akiwa chuoni, alipowaandikia kwamba kipimo walichokiita "kiuno" kilikuwa kwa kweli kipimo cha nyonga, na kwamba kuna mahali pengi duniani ambapo wanawake wanashindwa kukaa katika sketi zao kwa sababu ya kosa hilo. Walicheka, wakarekebisha, wakamwomba abaki. Baada ya mwaka mmoja walimkabidhi kazi ya kupokea maoni ya watumiaji na kuyaeleza kwa wengine. Alikuwa fundi wa nguo wa kwanza kupewa jukumu katika mradi uliojaa waandishi wa programu. Shangazi, ambaye hakuelewa sawasawa mradi ni kitu gani, aliwaambia wateja kwamba mtoto wa kaka yake "yuko kwenye uongozi", na hakuna aliyethubutu kuuliza uongozi wa nini.

Grafu ya siku ile ilitokana na dodoso. Watumiaji waliulizwa swali moja: unachapa pateni zako kwa printa kubwa, au kwa karatasi ndogo? Asilimia hamsini na tatu walijibu printa kubwa. Asilimia arobaini na saba walijibu karatasi ndogo. Sentimita alipochora nguzo hizo mara ya kwanza, zilitoka ndefu zote mbili, na tofauti yao ikawa ndogo kama tofauti ya lile bega. Hilo lilimkera. Alitaka kila asilimia ionekane. Akafanya kile ambacho fundi yeyote hufanya nguo inapokuwa na urefu usio na kazi: alipunguza chini. Kuanzia sifuri hadi arobaini na tano nguzo zote mbili zilikuwa sawa, kwa hiyo kwake sehemu ile ilikuwa kitambaa cha ziada. Akaikata, akaanzia arobaini na tano, akavuta juu kilichobaki. Tarakimu aliziandika pembeni, kwa usahihi wote, kwa herufi ndogo nadhifu. Akaituma kwenye kundi la mradi, akafunga kompyuta na kwenda nyumbani ameridhika.

Asubuhi iliyofuata sifa zilikuwa zikimsubiri kwenye simu. Safi sana. Imetulia. Hatimaye grafu inayoeleweka! Hata yule waliyemwita Mwalimu, mama wa makamo aliyeuanzisha mradi na ambaye kila mmoja alimsikiliza, aliandika: "Hongera binti yangu, hii ni kazi ya mikono." Sentimita alilisoma neno hilo mara tatu. Kisha akafanya jambo ambalo si la kawaida yake: aliichapa grafu akaitundika kwenye kamba, katikati ya pateni ya suruali na pateni ya blauzi.

Wifi yake ndiye aliyesimama kuitazama, pini nne zikiwa midomoni.

"Hii ndefu ni nini?"

"Wenye printa kubwa."

"Na hiki kijiti hapa?"

"Wanaochapa karatasi ndogo."

"Sisi hao?" Wifi alizitoa pini mdomoni. "Jamani, njooni mwone! Kumbe tumebaki wachache hivi. Wenzetu wote wameshahama, sisi tunasuka mikeka kama vichaa."

"Si wachache, wifi. Ni arobaini na saba kwa mia. Soma pembeni."

"Nisome nini, na macho ninayo? Huyu ananifika kidevuni, huyu ananifika kwenye kifundo cha mguu. Halafu unaniambia ni sawa?"

Karakana ilicheka. Sentimita hakucheka. Alichukua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akaishusha juu ya karatasi. Nguzo ndefu ilikuwa sentimita kumi na sita. Nguzo fupi ilikuwa sentimita nne. Moja ilikuwa mara nne ya nyingine, na watu ziliowawakilisha walikuwa karibu sawa. Alihisi masikio yakipata moto. Tarakimu zake zilikuwa za kweli, kila moja, na picha aliyoishona juu yake ilikuwa ya uongo.

Alifungua simu. Chini ya zile pongezi kulikuwa na ujumbe mpya, na mwandishi wake alikuwa kijana waliyemwita Mkasi. Mkasi alikuwa mwandishi wa programu hodari, wa mji mwingine, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuona msimbo wa zamani, yaani maandishi yanayoiendesha programu, bila kutamani kuukata. Alikuwa ameandika hivi: "Ndugu zangu, grafu ya Sentimita imemaliza ubishi. Wanaotumia karatasi ndogo ni kama mmoja kwa wanne. Sehemu hiyo inatusumbua kila toleo na haina mtunzaji. Napendekeza tuiondoe. Kura Ijumaa saa kumi." Chini yake vidole gumba vilikuwa vimepangana kama askari.

Wifi alisoma akiwa amemwegemea begani. "Wakiiondoa, sisi tutachapaje?"

"Hatutachapa."

"Si tubaki na Mshono huuhuu tulio nao?"

"Toleo la zamani halifungui pateni za toleo jipya. Wale wa hoteli wakitutumia pateni ya sare mpya, itagoma."

Wifi akaketi kwenye cherehani yake, pini nne zikiwa bado mkononi.

Sentimita hakuwa na shaka kwamba lazima aseme. Kilichomfunga mikono ni namna ya kusema. Grafu iliyopongezwa na kila mtu ilikuwa yake. Na karakana iliyokuwa inaumia ilikuwa ya shangazi yake. Akijitokeza sasa kusema kwamba picha haikuwa sawa, nani asingemwambia kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake? Wangemnyang'anya ile kazi ya maoni, na pengine wangekuwa na haki. Fundi mwingine wa nguo asingepewa tena.

Shangazi alikuwa mezani akilinganisha mikono ya koti, na alikuwa amesikia yote. "Mteja anakuja kujaribu nguo lini?" aliuliza.

"Ijumaa, shangazi."

"Leo ni lini?"

"Jumanne."

"Basi unalia nini? Fumua." Akatema uzi. "Na ukimaliza kufumua, uje hapa, mkono huu wa kushoto umenishinda."

Alifumua. Aliichora upya grafu ileile kuanzia sifuri, kwa tarakimu zilezile. Nguzo zilitoka mbili ndefu, moja ikiipita nyingine kwa kiasi cha kidole. Kisha, badala ya kuituma kwenye kundi, alimpigia Mkasi, kwa kuwa katika mradi mzima hakukuwa na mtu aliyeichukia ile sehemu kumshinda yeye.

"Dada Sentimita! Leo jua limetokea wapi? Wewe kupiga simu?"

"Kaka, nimekutumia kitu. Naomba ukague kabla hakijatoka."

Alisikia vidole vikigonga kibodi upande wa pili. Kisha kicheko kirefu. "Aisee! Ulikata miguu ya watu!"

"Nilipunguza chini. Nilidhani ni urefu wa bure."

"Na mimi nikaingia kichwa kichwa. Nimewaambia watu mmoja kwa wanne!" Akagonga kibodi tena. "Lakini hata hivyo, dada, wa printa kubwa bado ni wengi. Au unataka kuniambia wamepungua?"

"Ni wengi. Sikupigi ili kubadili nani ni mwingi. Nataka tu watu wapige kura juu ya kitu kilichopo."

"Hapo sawa."

"Lipo swali jingine. Lile dodoso ulilitengeneza wewe. Linamtokeaje mtumiaji?"

"Rahisi. Programu ikifunguliwa, ikikuta mtandao upo, dodoso linatokea."

"Na kama mtandao haupo?"

"Kama haupo, halito..." Mkasi hakuimalizia sentensi. Pale karakana mtandao ulikuwa wa kuunganisha simu kwa dakika chache, kupokea pateni na kuzima. Sentimita mwenyewe hakuwahi kulijibu dodoso lile. Halikuwahi kumtokea.

"Kwa hiyo wewe hukuhesabiwa," alisema Mkasi polepole.

"Wala yeyote wa hapa."

"Basi tumekosea wawili," alisema, akashusha pumzi. "Ijumaa utaongea wewe au mimi?"

"La grafu nitaongea mimi. La dodoso ni lako."

"Dada yangu, wewe una ukali wa kimyakimya."

Ijumaa saa kumi vyerehani vyote saba vilizimwa kwa amri ya shangazi. Mkutano ulikuwa wa sauti, kwa kompyuta, na watu zaidi ya arobaini walikuwa wameingia. Sentimita aliketi wima kama aliyekuwa akipimwa, mafundi wakiwa wamejipanga nyuma yake, wifi akiwa ameambiwa mara mbili asiongee. Mwalimu alifungua, akataja ajenda na kuuliza kama kuna neno kabla ya kura.

"Lipo, Mwalimu," alisema Sentimita. "Naomba mtazame picha mbili."

Alizionyesha bega kwa bega. Alieleza kwamba tarakimu ni zilezile katika zote mbili. Kwamba katika ya kwanza alikata sehemu ya chini, akidhani anawasaidia wasomaji waone tofauti vizuri. Na kwamba kwa kufanya hivyo aliwafanya watu arobaini na saba waonekane kama kumi na watatu. Hakujitetea wala hakujipiga kifua. Alizungumza kama anayemweleza mteja mahali mshono ulipopinda.

Kisha sauti ya mwanamume mmoja ikadakia: "Samahani, dada. Karakana yenu si ndiyo inayotumia hizo karatasi ndogo? Maana kila mwamba ngoma..."

"Huvutia kwake," alimalizia Sentimita. "Ni kweli, tunazitumia. Ndiyo sababu hesabu hizi sikuzikagua mimi. Amezikagua Mkasi, na nyote mnajua anavyoipenda sehemu hiyo."

Kicheko kilipasuka kutoka miji yote kwa pamoja. Mkasi akaingilia: "Naipenda kama upele! Lakini hesabu ni safi. Na mimi nina langu." Akaeleza habari ya dodoso lililowapita watu wasio na mtandao. Alijisema bila kuzungusha, na kwa hilo Sentimita akamheshimu.

"Sasa nami nina swali gumu," aliendelea Mkasi, "na si la grafu. Tuseme tumeiacha. Nani ataitunza? Miaka miwili haina mtu. Kila ikiharibika naitengeneza mimi huku nalaani. Watu kuihitaji ni jambo moja. Mkono wa kuishika ni jambo jingine."

Lilikuwa swali la haki, na kila mtu alilijua. Nyuma ya Sentimita kiti kililia. Yeye aliutazama ukuta wenye pateni, akafikiri kwamba hajawahi kuandika mstari hata mmoja wa msimbo, na kwamba alipoingia chuoni hakuwa amewahi kuingiza uzi kwenye cherehani pia.

"Mimi," alisema.

"Unajua kuandika msimbo?"

"Sijui. Utanifundisha wewe, kwa kuwa unataka sana kuachana nayo."

"Amekupata, mwanangu," alisema Mwalimu, na safari hii hata shangazi, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya mazungumzo, alipiga meza kwa kofi moja la ushindi, mkebe wa vifungo ukaruka. Kura ya kuondoa iliahirishwa. Dodoso lingefunguliwa upya kwa mwezi mmoja, likiwa limeshonwa ndani ya programu, limjie mtumiaji awe na mtandao au asiwe nao, na majibu yasafiri siku atakapounganisha.

Mwezi huo Sentimita aliishi maisha mawili. Mchana alikata na kushona. Kila jioni, kuanzia saa kumi na moja, Mkasi alimfundisha kwa simu, akimtania bila huruma. Alishangaa kukuta kwamba kazi ya msimbo ule ilikuwa ileile ya mkeka: kugawanya umbo kubwa katika vipande, kuweka alama kwenye kingo, kuhakikisha kipande na jirani yake wanakutana. Hitilafu ya kwanza aliyoitibu ilikuwa ya alama za kona zilizohama kwa milimita mbili. Mkasi alikuwa akiijua tangu zamani, na alidhani kwamba hakuna anayeiona.

"Mafundi wote wanaiona," Sentimita alimwambia. "Tulikuwa tunaificha kwa gundi."

"Na hamkusema?"

"Tulidhani ndivyo mlivyotaka."

Majibu mapya yalipokamilika, waliojibu walikuwa wameongezeka karibu mara mbili. Printa kubwa walipata asilimia hamsini na moja. Karatasi ndogo, arobaini na tisa. Wa printa kubwa walibaki mbele, na Sentimita hakujaribu kuwarudisha nyuma. Alichora kuanzia sifuri. Juu ya grafu aliandika idadi ya waliojibu na namna walivyofikiwa. Chini yake aliandika wale ambao dodoso bado halikuweza kuwafikia, yaani waliokuwa na toleo la zamani mno. Kisha akaitundika kwenye kamba palepale.

Wifi alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Hii sasa haina hata uhondo. Ni kama mapacha wamesimama kupiga picha."

"Ndivyo walivyo."

"Ile ya kwanza ilikuwa na msisimko."

"Ilikuwa nayo."

Wifi aliitazama tena kwa muda. "Lakini hapa naonekana," alisema. "Nimesimama na miguu yangu."

Hakuna aliyeomba kura nyingine. Mkasi mwenyewe aliandika kwamba pendekezo lake limekufa na azikwe nalo yule atakayelifufua. Mwalimu aliweka kanuni mpya ya mradi: grafu yoyote ya maoni ianzie sifuri, na ikaguliwe kwanza na mtu asiyeyapenda matokeo yake. Kanuni hiyo haikupewa jina la mtu, ingawa katika kundi watu walizoea kuuliza, "Imepita kwa Sentimita?"

Shangazi naye alikuwa na namna yake. Mteja akiingia kuchukua nguo, alimsogeza mpaka ukutani, akamwonyesha zile nguzo mbili zinazolingana na kumwambia kwa sauti ya karakana nzima: "Hii kaichora mtoto wa kaka yangu. Mara ya kwanza alikosea, akafumua mbele ya watu arobaini. Sasa wewe nenda kanitafutie fundi wa namna hiyo." Sentimita, akiwa kwenye kona yake, aliinama zaidi juu ya kazi ili asionekane anatabasamu. Mwanzoni, kwa haya, alikuwa akimwomba shangazi aishushe grafu ile; sasa aliacha.

Mwaka mmoja baadaye, sehemu ya kuchapa kwa karatasi ndogo ilikuwa na watunzaji wanne. Watatu kati yao walikuwa mafundi wa nguo, na wa mwisho kujiunga alikuwa wifi yake.